Korea wakati wa baridi: maswali kuhusu matembezi ya wikiendi

Ukurasa huu ni wa wanaoishi Korea Kusini kwa masomo au kazi, na wa wageni wanaopita kwa siku chache kati ya Desemba na Februari. Maswali ni yale yale yanayoanza kumiminika kila Novemba, majani ya mwisho yakishadondoka.

Baridi yenyewe ikoje? Mimi nimeshalala Njombe mwezi wa saba.

Njombe, Makete na Limuru ni mazoezi mazuri, lakini huku ni daraja jingine. Seoul mwezi wa Januari, wastani wa siku nzima huwa chini ya sifuri kidogo, na alfajiri za nyuzi -10 hazimshangazi mtu. Tarehe 8 Januari 2021 jiji lilishuka hadi -18.6.

Kinachowapiga wageni chenga ni jua. Hewa nzito ya baridi hukaa juu ya Siberia kisha humiminikia rasi hii kutoka kaskazini-magharibi, kavu kabisa. Kwa hiyo siku ambazo anga ni ya buluu bila wingu hata moja ndizo ambazo masikio yanauma zaidi. Usichungulie dirishani ukaamua nguo kwa kuangalia jua. Angalia nyuzijoto, halafu angalia upepo. Upepo ukitulia kwa siku mbili tatu baridi hulegea, lakini hapo vumbi laini hujikusanya hewani, na utaona watu wamevaa barakoa zilizoandikwa KF94. Ukiwa na pumu, angalia kiwango cha vumbi kabla ya kutoka, kama unavyoangalia nyuzijoto.

Kwa wikiendi moja naweza kuona sehemu ngapi?

Moja kwa siku. Hili ndilo jibu ambalo watu hawalipendi, na ndilo linalookoa safari.

Mwezi wa Desemba jua la Seoul huzama kabla ya saa 11 na nusu jioni, na mwanzoni mwa Januari huchomoza karibu saa 1 na dakika 45 asubuhi. Toa muda wa kwenda, toa chakula cha mchana, toa nusu saa ya kuingia dukani kupasha vidole moto kila baada ya saa moja na nusu (utaingia tu, hata kama sasa unajiona shujaa). Kinachobaki ni saa nne au tano za kutembea. Hizo zinatosha mahali pamoja pakubwa, kwa raha. Ukizigawa mara tatu utarudi na picha za maegesho ya mabasi.

Kipindi cha joto unaweza kurukaruka kutoka kijiji hadi ziwa hadi soko, na ukichelewa unakaa tu kwenye benchi. Januari benchi halikaliki.

Saa kwenye tiketi zinanichanganya.

Tiketi zote hutumia saa 24. Treni ya 07:01 ni saa 1 na dakika moja asubuhi, na ya 17:30 ni saa 11 na nusu jioni. Wapo walioachwa na treni kwa kosa hili, kwa hiyo tamka saa kwa sauti kabla ya kulipa.

Kuna kitu kimoja cha kufurahisha hapa. Korea iko saa sita mbele ya Afrika Mashariki, nasi huhesabu saa kwa tofauti hiyo hiyo ya sita. Kwa hiyo saa ya ukutani Seoul ikionyesha 1 mchana, nyumbani ni saa moja asubuhi. Ukitaka kujua kama mama ameshaamka, soma saa ya Korea kama ilivyo.

Nivae nini, na ninunue wapi bila kufilisika?

Vaa tabaka. Ndani kabisa vaa nguo nyembamba ya kubana inayotunza joto, juu na chini, kisha sweta, kisha koti la manyoya linalofika magotini, lile refu jeusi ambalo utaliona kwa kila mwanafunzi wa Kikorea. Jinzi peke yake haisaidii kitu. Kofia lazima ifunike masikio, na glavu ziwe mbili: nyembamba za kutumia simu na nene za juu. Viatu viwe na soli yenye meno, kwa sababu adui wa kweli mjini ni ile barafu nyembamba isiyoonekana kwenye ngazi na vivuko, kuliko theluji yenyewe.

Wanaokuja kutoka nyumbani wapite mitumbani kwanza. Makoti ya baridi yanayofika Gikomba na Karume ni mengi, na wanunuzi wake ni wachache, kwa hiyo bei inazungumzika. Moshi nako, kwa sababu ya wapanda Kilimanjaro, kuna vifaa vya kukodi na vilivyotumika. Ukishafika Seoul, soko la Dongmyo ndilo mitumba yao: milima ya nguo barabarani, wazee wanachambua, unainama nawe unachambua. Koti zuri hupatikana pale kwa bei ya mlo mmoja au miwili, ilimradi uwe na subira na uikague zipu kabla ya kulipa. Namdaemun na Dongdaemun ni kwa anayetaka vipya.

Vile vifuko vya joto kila mtu anavyotikisa ni nini?

Vinaitwa hatpaek. Ndani kuna unga wa chuma ambao ukigusana na hewa hupata kutu haraka na kutoa joto. Unachana mfuko wa plastiki, unakitikisa, unakiweka mfukoni, na baada ya dakika kadhaa kinachemka na kukaa hivyo kwa saa nyingi. Vinauzwa kila duka dogo la saa 24, kwa takriban won 1,000 kimoja. Kuna vya kubandika na vya kuweka ndani ya viatu. Vya kubandika vibandike juu ya nguo, kamwe si kwenye ngozi, na usilale navyo: huunguza polepole na hutahisi mpaka asubuhi.

Treni, basi la umma, au basi la kundi la watalii?

Inategemea unakwenda wapi, ila kwa wikiendi ya baridi mimi naipa treni kura yangu. Haisimami kwa foleni ya barabara kuu, haitishwi na theluji kwa urahisi, na ina choo. KTX, treni ya mwendo wa kasi, ilianza mwaka 2004, na njia ya kwenda Gangneung ilifunguliwa Desemba 2017 kwa ajili ya Olimpiki ya Pyeongchang ya 2018. Leo kutoka Seoul hadi bahari ya mashariki ni kama saa mbili. Busan ni saa mbili na nusu hivi. Chuncheon na Gapyeong zina treni ya ITX, na metro ya kawaida pia inafika, polepole na kwa bei ndogo.

Tiketi za Jumamosi asubuhi huisha. Mauzo hufunguliwa mwezi mmoja kabla, na ukisubiri hadi Ijumaa usiku utaambulia tiketi ya kusimama, ambayo ipo na ni halali, ila miguu ni yako.

Mabasi ya makundi huondoka asubuhi karibu na stesheni za metro kama Myeongdong na Hongdae. Tatizo lake ni lile nililolitaja: sehemu tatu kwa siku, dakika tisini kila moja, na mwongozaji anahesabu vichwa. Lakini kwa milima na viwanja vya kuteleza kwenye theluji, ambako ukishuka kwenye treni bado kuna safari ya basi la mtaa linalopita mara chache, basi la kundi ni akili. Mavazi ya kukodi mara nyingi huwa kwenye mpango, unalala njia nzima kwenda na kurudi, na hakuna anayekuachia ubaki mlimani.

Sokcho, mlango wa milima ya Seoraksan, hufikiwa kwa basi. Panda kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gangnam au Dong Seoul.

Nimekuja kuona theluji na Seoul haina. Niende wapi?

Seoul hupata theluji, ila huja na kuondoka. Tarehe 27 na 28 Novemba 2024 ilianguka nyingi kupita Novemba yoyote tangu vipimo vilipoanza mwaka 1907, na bado kuna majuma mazima ya Januari ambapo jiji ni kijivu na kavu. Ukitaka uhakika, panda juu.

Chaguo langu la kwanza ni Deogyusan, kule Muju. Gondola inakuchukua kutoka kwenye kituo cha kuteleza hadi Seolcheonbong, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo ni matembezi ya dakika 20 au 30 hadi kilele cha Hyangjeokbong, mita 1,614. Maana yake mtu asiyewahi kupanda mlima anasimama kwenye kilele cha theluji akiwa na pumzi yake. Na huko juu utakuta kitu ambacho picha hazikitendei haki: ukungu unaganda kwenye matawi, upande mmoja tu, ule unaopigwa na upepo, mpaka kila kijiti kinaota manyoya meupe ya barafu yenye urefu wa kidole. Ukiligusa tawi, linalia kama kioo na manyoya yanadondoka. Jua likipanda, saa tano hivi, yanaanza kuporomoka yenyewe, kwa hiyo wahi gondola za mwanzo. Wikiendi za baridi lazima ushike nafasi ya gondola mtandaoni kabla ya kwenda. Ukifika bila nafasi unageuzwa.

Seoraksan ni kubwa zaidi na kali zaidi. Gari la kwenye waya linalokwenda Gwongeumseong halichukui nafasi za mapema na husimamishwa upepo ukizidi, jambo la kawaida kule. Likisimama usinung'unike: njia ya chini hadi hekalu la Sinheungsa ni tambarare na nzuri kwenye theluji.

Daegwallyeong nayo iko kwenye nyanda za Pyeongchang, mita 800 hivi juu, yenye mashamba ya kondoo, vilima vyeupe na upepo usio na adabu. Watoto wanapapenda.

Jambo la ziada kuhusu hifadhi za taifa: njia nyingi za milimani hufungwa kwa kuhofia moto, kwa kawaida katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, na tena kuanzia Februari hivi. Siku ya onyo la theluji nzito hufungwa zote. Na kwenye njia zilizo wazi utahitaji meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, aijen, yanayouzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya milima. Bila hayo kupanda ni rahisi. Kushuka ndiko kutakufundisha.

Kisiwa cha Nami kina thamani ya safari, au ni picha tu?

Ni picha, na hakuna ubaya. Nami ni kisiwa kidogo cha mtoni karibu na Gapyeong, kivuko chake ni dakika tano, na kilijulikana Asia nzima baada ya tamthilia iliyopigwa pale na kuonyeshwa mwaka 2002. Safu za miti mirefu ya metasekwoya bila majani, theluji chini, ndiyo picha yenyewe. Nenda na kivuko cha kwanza. Ikifika saa tano asubuhi kila mti una foleni.

Karibu na hapo kuna Bustani ya Utulivu wa Asubuhi, ambayo msimu wa baridi huwashwa taa za rangi usiku. Hii ni sehemu moja ambapo giza la mapema ni faida, kwa hiyo Nami asubuhi na bustani jioni ndiyo safari pekee ya sehemu mbili ninayoiruhusu.

Uvuvi kwenye barafu: ni salama? Na ni lazima niingie majini?

Hwacheon, mkoa wa Gangwon, huwa na tamasha la samaki wa sancheoneo, aina ya trauti, mwezi wa Januari, lililoanza 2003. Mto unaganda, wanatoboa mashimo kwa maelfu, na watu zaidi ya milioni moja hupita pale kwa msimu. Unapewa fimbo fupi yenye uzi na chambo cha bandia, unakishusha mpaka karibu na chini, unakivuta kidogo, unakiachia, unakivuta. Wazoefu hulala kifudifudi juu ya mkeka, uso ndani ya shimo, mikono imezunguka macho kukinga mwanga, na hapo maji yanaonekana ya kijani na samaki wanapita chini yako wakikidharau chambo chako. Usiporuka kwa baridi utaruka kwa hasira. Ukishika, kuna majiko ya kuwachoma papo hapo kwa ada ndogo.

Waandaaji hupima unene wa barafu na hawafungui ikiwa haitoshi. Mwaka 2020 hali ya hewa ilikuwa ya uvuguvugu na mvua, tamasha likaahirishwa hadi mwisho wa Januari. Kwa hiyo thibitisha wiki ile ile, na usitembee kamwe juu ya mto au ziwa ambalo halina waandaaji.

Kuingia majini si lazima. Wanaoshika samaki kwa mikono mitupu, kaptura na fulana kwenye maji ya barafu, wamejiandikisha kwa hiari yao, na burudani kubwa ni kuwatazama ukiwa na koti. Wapo pia wanaolipinga tamasha zima kwa ajili ya samaki. Ukiwa mmoja wao, kuna Deogyusan.

Sijawahi kuvaa ubao wa theluji maishani. Nitavunjika?

Ukilipia somo, huenda usivunjike. Usipolipia, rafiki yako Mkorea atakupandisha juu kabisa akicheka. Vivaldi Park ya Hongcheon iko karibu na Seoul na imezoea wanaoanza. Yongpyong, iliyofunguliwa mwaka 1975, ni pana na nzuri zaidi. Msimu ni mwanzo wa Desemba hadi Machi mwanzoni. Siku ya kwanza chukua mbao mbili za kuskii, uache ule mmoja mpana, maana kwa huo utakaa chini zaidi ya kusimama. Kwa asiyetaka kujifunza chochote kuna sehemu za kuteleza kwa sleji, na hapo watu wazima hupiga kelele kuliko watoto.

Nina Jumamosi moja tu na sitaki kutoka Seoul.

Nenda Gyeongbokgung asubuhi, ikulu ya kifalme iliyojengwa mwaka 1395. Kiingilio ni won 3,000, na ukivaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, ni bure. Vaa nguo za joto chini yake, hakuna atakayejua. Kuanzia Novemba hadi Februari hufungwa saa 11 jioni na mlango wa kuingilia hufungwa saa moja kabla. Jumanne imefungwa kabisa. Paa zake za kijivu zenye theluji, na mlima Bugaksan nyuma, ndiyo Seoul ninayoipenda.

Bukchon iko jirani, lakini ni mtaa wa watu: sehemu yake yenye wageni wengi hairuhusu watalii kabla ya saa 4 asubuhi wala baada ya saa 11 jioni, na faini ipo. Jioni kuna uwanja wa kuteleza kwenye barafu mbele ya ukumbi wa jiji, ambako won 1,000 inatosha kwa kuingia na viatu. Kwa bei hiyo, hata kuanguka ni kwa bei nafuu.

Suwon pia inafikika kwa metro. Ukuta wa Hwaseong ulijengwa 1794 hadi 1796, na kuuzunguka wote kwenye upepo ni adhabu. Tembea robo tu, ule, urudi.

Mpaka na Korea Kaskazini je?

Inawezekana, kwa basi la kundi tu, na pasipoti mkononi. Jumatatu hufungwa. Utaona Imjingak, kituo cha kutazamia cha Dora, na handaki la tatu kati ya yale yaliyochimbwa na Kaskazini chini ya mpaka, lililogunduliwa mwaka 1978. Kushuka ni rahisi, kupanda kuna mwinuko mkali. Baridi ina faida moja hapa: hewa kavu huonyesha mbali. Jeshi linaweza kufuta safari asubuhi ile ile, kwa hiyo usiiweke siku yako ya mwisho.

Kuna mahali penye nafuu ya baridi?

Kusini. Busan mwezi wa Januari hukaa juu ya sifuri mchana, na kutembea ufukweni Haeundae au kwenye vichochoro vya Gamcheon si mateso. Gyeongju, mji mkuu wa ufalme wa kale wa Silla, ndio ningewaambia watu waende zaidi kuliko wanavyokwenda: vilima vya makaburi ya wafalme katikati ya mji, hekalu la Bulguksa, na bwawa la Wolji linalowaka taa usiku. Wakati wa maua ya cherry pamejaa. Januari unasikia hatua zako. Stesheni ya KTX iko nje ya mji, basi linakupeleka.

Kisiwa cha Jeju ni mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja kwa ndege kutoka Gimpo. Pwani kuna machungwa mitini na maua mekundu ya kamelia, huku juu Hallasan, mlima mrefu kuliko yote Korea Kusini, uko kwenye theluji hadi magotini. Njia zake za kileleni zinahitaji nafasi iliyoshikwa mapema. Ila Jeju ni kamari kwa mwenye darasa Jumatatu: Januari 2016 theluji ilifunga uwanja wa ndege kwa karibu siku mbili, na watu wakalala sakafuni.

Nitakula nini barabarani? Na mimi Mwislamu nitapata halali?

Barabarani raha ya baridi ni eomuk: bamba la samaki waliosagwa, limekunjwa kwenye kijiti kirefu na kuchemka kwenye supu. Unachomoa mwenyewe, unakula umesimama, unajichotea supu kwa kikombe cha karatasi bila malipo, na mwisho mama muuzaji anahesabu vijiti vyako. Kisha hotteok, mfano wa andazi lililobanwa kwenye kikaango, na ndani sukari iliyoyeyuka na mdalasini. Ng'ata taratibu, inaunguza ulimi. Bungeoppang ni mkate wa umbo la samaki wenye maharage mekundu matamu. Viazi vitamu vya kuchoma vipo pia, na hivyo havihitaji utangulizi kwa mtu wa kwetu.

Kuhusu halali: Seoul ni Itaewon, kuzunguka Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 1976. Nje ya hapo panga mapema. Kuku wa dakgalbi wa Chuncheon, maarufu kwenye safari za Nami, kwa kawaida si wa kuchinjwa kihalali, na gukbap ya Busan, supu yenye wali, ni nguruwe. Samaki wa kuchoma, bibimbap bila nyama na vyakula vya mahekalu huokoa. Kariri sentensi moja: *dwaeji gogi ppae juseyo*, naomba msitie nguruwe. Kisiwani Nami kuna chumba cha kuswalia.

Swala zenyewe hubanana. Desemba adhuhuri huingia karibu saa 6 na nusu mchana, alasiri karibu saa 9, magharibi kabla ya saa 11 na nusu, kwa hiyo ukiwa kwenye basi la kundi lazima uangalie ratiba yake. Kwa upande mwingine, miaka hii Ramadhani inaangukia kwenye baridi ya huku, na mchana wa saa kumi na kitu haujawahi kumshinda mfungaji wa pwani.

Nikilala huko, nilale wapi?

Nyumba ya kulala wageni yenye ondol, sakafu inayopashwa moto kutoka chini. Unatandika godoro jembamba sakafuni na unalala juu ya joto. Usiku wa kwanza mgongo utalalamika kidogo, asubuhi utaona nguo ulizozianika zimekauka kabisa, na koo pia, kwa hiyo weka maji karibu.

Wenye mfuko mwepesi hulala jjimjilbang, bafu za umma zenye kumbi za joto zinazokesha. Mabafuni wanaume na wanawake hutengwa na kila mtu yuko uchi kama alivyozaliwa; wageni wengi wa kwetu hushtuka hapo. Ukumbi wa pamoja mnavaa fulana na kaptura mnazopewa. Mayai yaliyookwa na kinywaji baridi cha mchele ndiyo desturi.

Seollal ni nini na kwa nini kila mtu ananionya?

Ni mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na huangukia mwishoni mwa Januari au Februari. Mwaka 2026 ni 17 Februari. Nusu ya nchi huenda kwao kwa wakati mmoja. Tiketi za treni huisha siku zinapofunguliwa, barabara kuu hukwama, na migahawa midogo hufungwa. Baki Seoul siku hizo. Jiji linakuwa tupu ajabu, na ukialikwa nyumbani kwa mtu kula tteokguk, supu ya vipande vya mchele, kubali na ubebe zawadi ya matunda.

Ramani na simu?

Ramani za Google haziaminiki huku kwa maelekezo ya kutembea. Pakua Naver Map au KakaoMap. Kadi ya T-money hulipia metro na mabasi karibu nchi nzima. Na baridi huua betri: simu yenye chaji asilimia 40 inaweza kuzima ghafla ukiwa kileleni. Ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na pawabenki pembeni yake.

Ngozi yangu imepasuka kama ya kenge.

Hewa ya nje kavu, ya ndani imepashwa, zote zinakunyonya. Jipake mafuta mazito mara tu ukitoka kuoga, kabla ngozi haijakauka; losheni nyepesi haifiki popote. Vaseline midomoni na puani. Mafuta ya nazi ya nyumbani huganda chupani, lakini kazi yake ni ile ile.

Viza?

Mtanzania au Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida anaihitaji kabla ya kusafiri. Anza ubalozi wa Korea ulioko Dar es Salaam au Nairobi, mapema. Mwenye kadi ya ukazi anaibeba hiyo kwenye matembezi yote.

Nikianguka, nikipotea, nikiugua?

119 ni gari la wagonjwa na zimamoto, 112 ni polisi. 1330 ni simu ya watalii, saa 24, wanaongea Kiingereza na watakutafsiria kwa dereva wa teksi pia.

Nimebakiwa na wikiendi moja tu. Uniambie moja.

Gangneung, mwishoni mwa Januari. Treni ya Jumamosi kabla ya saa 2 asubuhi, kahawa ufukweni Anmok huku mawimbi ya bahari ya mashariki yanapiga mchanga wenye theluji, mchana Gyeongpo, usiku kwenye ondol. Jumapili amka kabla ya jua uende Jeongdongjin, ambako stesheni iko kando kabisa ya bahari na jua hutoka majini mbele yako. Epuka tu tarehe 1 Januari, kwa sababu umati wa watu huja kuliona jua lile la kwanza na hutapata hata pa kuweka mguu. Treni ya kurudi ikate pamoja na ya kwenda. Za Jumapili jioni ndizo zinazoisha mwanzo.